Boti ya umeme ya rimoti yenye kasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuunda boti ya rimoti ya umeme inayokwenda kasi kweli, anayeishi mbali na bahari na maduka ya boti za namna hii. Wengi huuliza kwanza habari za mota kubwa. Msimamo wangu nautanguliza hapa ili usikusumbue mbele: mota ya wastani iliyofungwa na kurekebishwa vizuri huiacha nyuma mota kubwa iliyofungwa ovyo. Kasi inatafutwa tezi, yaani nyuma ya boti, kwenye milimita chache za propela na kishikio cha shefti (bano linaloshika mwisho wa shefti, ule mhimili unaozungusha propela), na katika mahali betri ilipolazwa. Ndiyo maana majibu kuhusu mota ni mafupi na ya urekebishaji ni marefu.

Boti inayozungumziwa hapa ni ya aina gani?

Bodi ya faibaglasi yenye tumbo la V, urefu sentimita 70 hivi, uzito karibu kilo 2 ikiwa na betri. Ndani ina mota moja isiyo na brashi inayopozwa kwa maji, kidhibiti mwendo cha ampea 120 (kwenye boksi kimeandikwa ESC), betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 4, shefti ya kunyumbulika ya milimita 4 na propela ya milimita 40. Propela hiyo hufanya kazi nusu ndani ya maji na nusu hewani. Hilo si kasoro, ndiyo siri yenyewe: bodi inapopanda juu ya maji, kinachobaki kuburuzwa majini ni sehemu ndogo ya tumbo, usukani na nusu ya propela.

Bodi za mapacha, yaani matumbo mawili yaliyounganishwa sambamba, ziko, na nyingine za mbio zinazogusa maji kwa nukta tatu tu. Zote zina kasi, ila kwa anayeanza napendekeza V kwa sababu inavumilia mawimbi na makosa ya urekebishaji.

Huu si mchezo wa watoto?

Chombo cha kwanza kuendeshwa kwa redio mbele ya umma kilikuwa boti ya umeme. Nikola Tesla aliionyesha Madison Square Garden, New York, mwaka 1898. Shirikisho la kimataifa la boti ndogo, NAVIGA, lipo tangu 1959 na lina mashindano ya dunia. Boti ya kilo 2 ikiwa kwenye kilomita 60 kwa saa inavunja mfupa wa mguu. Watoto wanakaribishwa sana, wakiwa na mtu mzima pembeni.

Tuikimbizie wapi?

Hapa ndipo penye kazi, na majibu ni tofauti kwa kila maji.

Ziwa Duluti, Tengeru, ndilo linalomjia kila mtu akilini kwanza. Maji yake hutulia asubuhi kwa sababu ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu. Lakini ni msitu wa hifadhi, una ndege wengi na wageni wanaopiga kasia kwenye mitumbwi. Usitoe boti kwenye begi kabla ya kuzungumza na wahusika getini na kukubaliwa. Ukikataliwa, kubali. Ndege aliyeatamia ukingoni ana haki zaidi yako.

Ziwa Chala, upande wa Moshi, lipo mpakani na Kenya. Kuta za kreta ni mwinuko mkali na maji ni marefu karibu tangu ukingoni. Boti ikizama pale umeiaga. Maziwa ya Momella yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na maji yake ni ya magadi, kwa hiyo usiyaweke kwenye mpango.

Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ina nafasi unayoweza kuota: bwawa kubwa lililojengwa miaka ya 1960 pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Shida yake ni nyavu. Propela inayozunguka mara 20,000 kwa dakika ikinasa wavu, shefti inakatika na mvuvi anapoteza mali. Nenda kwanza kwa wavuvi wenyewe, waulize nyavu zimetegwa wapi, na ukubali wakikuonyesha upande wa kwenda. Upepo wa mchana huko huchafua maji, hivyo fika mapema.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni mabwawa ya umwagiliaji ya mashamba ya kahawa na maua, kuanzia pembezoni mwa Arusha hadi Usa River. Mengi yana urefu wa kutosha, hayana nyavu, na mwenyewe anajulikana. Omba kwa heshima, eleza kwamba hakuna mafuta wala moshi, na mkaribishe meneja ashike rimoti. Unahitaji mita 100 zilizo wazi au zaidi.

Bwawa la kuogelea la hoteli? Kwa kupima kama boti inavuja, sawa. Kwa kasi, hapana: boti ya kilomita 60 kwa saa inamaliza mita 25 kwa sekunde moja na nusu.

Mwinuko wa Arusha unapunguza nguvu ya boti?

Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipungui nguvu kama injini ya petroli. Lakini hewa ya mita 1,400 ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hupoza vibaya. Kifaa kinachotegemea feni kitapata joto zaidi Arusha kuliko Tanga. Sababu mojawapo ya kusisitiza mota na kidhibiti vipozwe kwa maji ni hiyo. Bodi zinazobebwa na hewa, hasa za mapacha, nazo hupata mnyanyuo mdogo kidogo, kwa hiyo vipimo vya mtu wa pwani usivichukue kama sheria.

Ninunue mota yenye kv ngapi?

Kwa seli 4 na bodi hii, karibu 1,800. Namba hiyo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haina mzigo. Piga hesabu: 1,800 mara volti 14.8 za kawaida za betri ya seli 4 ni mizunguko 26,640. Ikibeba mzigo majini tuchukue asilimia 80, yaani 21,300 hivi. Propela ya milimita 40 yenye pichi (pitch) 1.4, yaani inayosogea mara 1.4 ya kipenyo chake, husogea milimita 56 kila mzunguko. Zidisha, utapata karibu kilomita 72 kwa saa kwenye karatasi. Ondoa mtelezo wa propela majini, asilimia 15 hadi 20, na boti iliyorekebishwa vizuri itakupa kama 60.

Kuongeza kv ili upate 90 kunavutia kwenye karatasi. Majini, mkondo wa umeme unapanda haraka kuliko kasi, na kinachoongezeka zaidi ni joto.

Betri je? Hizo "C" zina maana gani?

C ni mara ngapi ya ujazo wake betri inadai kutoa: ya milliampea-saa 5,000 (ampea-saa 5) iliyoandikwa 50C inadai kutoa ampea 250. Chukua nusu ya dai hilo ndipo upange. Seli moja ikijaa ni volti 4.2. Usiiache ishuke chini ya 3.5 ikiwa imepumzika, na kama hutaitumia wiki hii, ihifadhi kwenye 3.8. Betri nyingi hufa kwa kuachwa zimejaa kabatini kuliko kwa kukimbizwa.

Muda wa kukimbia: tumia asilimia 80 tu ya ujazo, yaani ampea-saa 4. Ukivuta wastani wa ampea 60, umepata dakika 4. Weka saa ya kuhesabu kwenye rimoti na urudi ufukweni kengele ikilia, hata kama boti bado ina nguvu.

Nikichaji halafu TANESCO wakakata?

Chaja inazima na betri haidhuriki. Umeme ukirudi, chomeka betri upya na uhakikishe chaja imeona seli 4 kabla ya kubonyeza chochote. Ukiwa ufukweni unaweza kuchaji kutoka betri ya gari, injini ikiwa imezimwa. Ampea 5 kwa betri ya 5,000 zinatosha, na waya mdogo wa kusawazisha seli uchomekwe kila mara. Usichaji juu ya godoro, juu ya meza ya mbao, au wakati umelala. Sufuria kuukuu juu ya sakafu ya saruji ni mahali pazuri.

Vifaa gani vinapatikana hapa, na vipi ni lazima kuagiza?

Agiza mota, kidhibiti, betri, propela, shefti na rimoti. Vingine vipo, na mafundi wetu ni wazuri kuliko wanavyodhaniwa.

Arusha ina karakana nyingi zinazobadilisha magari ya utalii, na mafundi wake wanajua faibaglasi, alumini na mipira ya kuzuia vumbi na maji. Kifuniko cha boti kisichovuja ni kazi ndogo kwao. Mabaki ya alumini ya madirisha yanatosha kuchonga kitako cha mota. Bomba jembamba la shefti utalipata kwa mafundi friji, ila pima kipenyo cha ndani kabla ya kulipa. Unga Limited na Mbauda zungukia kwa ajili ya bolti, spana na vyuma. Moshi, mafundi wa kukereza vyuma watakutengenezea bushi ya shaba ukienda na shefti yenyewe mkononi na si mchoro tu. Mwanafunzi wa VETA au Chuo cha Ufundi Arusha ana faida nyingine: ana walimu na mashine karibu.

Onyo moja kuhusu kuelea. Lazima boti ijazwe foma ili isizame ikipinduka, na kwa boti ya kilo 2 weka lita 2 hivi. Usitumie sponji ya godoro maana inanyonya maji. Foma nyeupe ya kufungia televisheni inafaa, lakini ukiipaka resini ya poliesta itayeyuka mbele ya macho yako. Iweke kavu bila resini, au tumia epoksi.

Betri ukiletewa na ndugu anayesafiri kwa ndege, zikae kwenye begi la mkononi, ncha zimefungwa kwa tepu. Betri ya seli 4 ya 5,000 ni wati-saa 74, chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali kwa kawaida.

Shefti inakatika au inatoa kelele. Kwa nini?

Angalia mambo matatu. Kwanza mwelekeo: shefti ya kunyumbulika imesukwa ili ikaze ikizunguka upande mmoja tu, na mota ikizunguka kinyume inafumuka. Kubadili mwelekeo, badilishana waya wowote mbili kati ya tatu za mota. Pili nafasi: shefti hufupika ikibeba mzigo, kwa hiyo acha milimita 2 hadi 3 kati ya kishikio na kikamatio cha propela (kipande kinachoibana propela kwenye shefti). Ukibananisha, shefti inajisaga yenyewe na mkondo unapanda bila sababu unayoiona. Tatu grisi. Kila siku ya kukimbia ikiisha, chomoa shefti yote, ifute, paka grisi isiyosafishwa na maji, rudisha. Hakuna njia ya mkato.

Propela mpya niifunge kama ilivyo?

Hapana. Propela ya kiwandani ina makali butu na bawa moja huwa zito kuliko jingine. Inoe ukingo wa mbele wa kila bawa, ule unaoingia majini kwanza, kwa tupa laini kisha msasa wa maji. Ukingo wa nyuma uache mnene kama ulivyo. Kisha isawazishe: ipitishe kwenye pini nyembamba iliyonyooka, ilaze pini juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa sambamba, uone bawa gani linashuka. Punguza bawa zito kidogo kidogo mpaka propela ikae popote unapoiacha. Mtikisiko mdogo kwenye mizunguko 20,000 unakula bushi, unalegeza bolti na unaiba kasi.

Kuna propela za shaba iliyochanganywa na beriliamu. Ni imara na za kupendeza, lakini vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Zinoe zikiwa zimelowa maji, vaa barakoa, osha mikono, na usifanyie jikoni.

Nianze kurekebisha wapi? Boti inatembea lakini haina kasi.

Anza na uzito. Kwa bodi ya V, boti ikiwa na betri ndani, nukta inapobalansi iwe karibu asilimia 30 ya urefu kutoka tezi. Kwa sentimita 70 hiyo ni 21. Inyanyue kwa vidole viwili, weka alama kwa kalamu, na bandika mkanda wa kunata sakafuni mwa boti ili betri irudi palepale kila mara.

Kisha kishikio cha shefti. Kiweke sambamba na mstari wa chini wa tumbo, kimo chake kikiwa usawa wa chini ya tumbo pale tezi. Hapo ndipo nyumbani. Kila badiliko lipimwe kutoka hapo. Ukikiinamisha ili mwisho wenye propela ushuke, msukumo unanyanyua tezi na omo, yaani pua ya boti, inalala. Ukipandisha mwisho huo, omo inanyanyuka. Ukikishusha kishikio chote, propela inazama zaidi: inasukuma zaidi, inanyanyua tezi, na inakula umeme. Ukikipandisha, mzigo unapungua na mota inapumua.

Boti yenye kasi hukimbia ikiwa imelowa sehemu ya nyuma tu, omo ikiwa juu kidogo na imetulia. Ukiona theluthi mbili ya tumbo imelowa, unasukuma maji bure. Ukiona mwanga chini ya karibu boti yote, umekaribia kupinduka kinyumenyume.

Sasa kanuni ninayoitetea kuliko zote: badilisha kitu kimoja kwa mara moja, milimita moja, na uandike. Andika kimo, pembe, mahali pa betri, propela, kasi, na joto la mota, kidhibiti na betri mara tu boti inapotoka majini. Mtu anayebadilisha betri, pembe na propela kwa pamoja anaweza kupata kasi siku hiyo, lakini hatajua imetoka wapi, na ikipotea hataipata tena.

Omo inadundadunda.

Mara nyingi uzito uko nyuma mno. Sogeza betri mbele sentimita moja. Ikiendelea, shusha kidogo vibamba vya tezi (vile vidogo vilivyofungwa nyuma ya bodi), vyote viwili sawa. Ikiendelea bado, rudi kwenye pembe ya kishikio. Kama haiponi, weka rula ndefu chini ya tumbo: bodi iliyopinda haitibiki kwa betri.

Inayumba kushoto na kulia kama inataka kulala.

Mchanganyiko wa uzito wa nyuma na propela inayonyanyua tezi kupita kiasi. Betri mbele, kishikio juu milimita moja. Kama inaelemea upande mmoja tu, ni mzunguko wa propela: bodi hulalia upande ulio kinyume na mzunguko huo. Hamisha betri milimita chache kwenda upande ulioinuka.

Inapinduka kwenye kona.

Punguza kasi kabla ya kona, si ndani yake. Kisha punguza mwendo wa usukani kwenye rimoti.

Kasi naipima vipi bila kununua vifaa?

Arusha imejaa wakimbiaji wa mbio ndefu, na saa zao za GPS zinafaa sana. Azima moja, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ibandike chini ya kifuniko, uso ukiangalia juu. Kimbiza mstari ulionyooka kwa sekunde kadhaa, kwenda na kurudi, maana upepo hudanganya. Faibaglasi inapitisha mawimbi ya GPS, kaboni haipitishi.

Kidhibiti mwendo kimeungua na mota ni nzima.

Sababu ninayoiona mara nyingi ni waya za betri kurefushwa. Waya ndefu kati ya betri na kidhibiti huleta mitikisiko ya volti inayoua kapasita zake. Ziache fupi, kama lazima urefushe, refusha upande wa mota, au ongeza kapasita za ubora karibu na kidhibiti. Sababu ya pili ni bomba la maji lililoziba kwa majani. Hakikisha unaona maji yakiruka pembeni mwa boti. Ukiacha kuyaona, irudishe polepole. Mota ikizidi nyuzi 65 za joto, weka propela ndogo zaidi.

Mwanangu ana miaka 12 na anataka sana. Tuanzeje?

Mzazi, mpe seli 2 badala ya 4 kwenye boti ileile. Itakwenda nusu ya kasi, na atajifunza kona. Kabla ya kwenda majini, weka boti kwenye kigoda, izungushe propela polepole, kisha zima rimoti: propela lazima isimame yenyewe. Isiposimama, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya boti) haijawekewa ulinzi wa kupoteza mawimbi, na safari iahirishwe. Antena ya risiva isimame juu ya usawa wa maji, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini. Na mkono wa mtoto, wako pia, usiguse propela betri ikiwa imechomekwa.

Boti imezima katikati ya bwawa. Nifanyeje?

Usiogelee. Nyumba ya Mungu ina mamba, na maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kukupa kichocho. Subiri upepo uisogeze kama unaelekea ukingoni. Vinginevyo tumia kamba ya kuvulia yenye mpira wa tenisi mwishoni: irushe ivuke boti, vuta polepole mpaka kamba ishike usukani. Ukiwa karibu na wavuvi, mwombe mwenye mtumbwi, na mkubaliane malipo kabla hajaingia majini. Ikifika, chomoa betri kwanza kabla ya kumwaga maji au kutafuta tatizo.